Kadi iliyoisha Januari: nani anamlipia mgonjwa wakati wa mlipuko?

Februari 2021 baba mdogo alibanwa na kifua. Ni mkulima wa Mzenga, wilaya ya Kisarawe, ana mikorosho na mihogo upande wa reli ya TAZARA. Zahanati walimwangalia wakasema huyu apelekwe mbele. Tukakodi gari, tukala vumbi hadi Mlandizi, tukaingia lami ya Morogoro hadi hospitali moja ambayo sitaitaja, maana haikukosea kitu. Dirishani tuliulizwa maswali mawili tu: "Ana bima?" na "Anaumwa nini?"

La kwanza: kadi ya CHF anayo, ila iliisha Januari. La pili: kwenye cheti iliandikwa nimonia kali. Basi tukalipa taslimu, oksijeni ikiwemo. Siku ya sita alianza kulalamikia uji, tukajua kapona. Mimi nikabaki na yale maswali mawili. Kwa kuwa masomo yangu ni historia ya afya ya jamii, niliyafuata hadi miaka ya nyuma, na nilichokuta ni kwamba kwa mfumo wetu jibu la swali la pili linaweza kulifuta kabisa la kwanza. Ukiwa na ugonjwa wa aina fulani, kadi haina kazi. Serikali inakulipia.

Baada ya Azimio la Arusha swali la kadi halikuwepo. Matibabu kwenye vituo vya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida. Mwaka huohuo, Oktoba, kipindupindu kilizuka Rufiji, mkoa huuhuu wa Pwani, kikasambaa hadi Dar es Salaam na mikoa mingine. Mgonjwa wa kipindupindu wa mwaka 1977 na mwenye jipu la kawaida walipita mlango mmoja. Hakuna aliyehitaji kuwatofautisha kwa ajili ya malipo.

Hesabu za miaka ya 80 zilipokataa, mambo yakageuka. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na Julai 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama, kwanza kwenye hospitali kubwa. Hapo ndipo milango ikawa miwili. Pamoja na uchangiaji ilikuja orodha ya msamaha: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wenye kifua kikuu, ukoma na UKIMWI, na wagonjwa wa milipuko kama kipindupindu, tauni na homa ya uti wa mgongo. Sababu ya hawa wa mwisho si huruma peke yake. Mwenye kipindupindu akibaki nyumbani kwa kukosa hela, jirani naye anaumwa. Kumtibu bure ni kumkinga jirani.

Bima ilikuja baada ya orodha hiyo, na ukisahau mfuatano huo utaisoma vibaya. CHF ilijaribiwa Igunga, Tabora, kati ya 1995 na 1996, ikapata sheria yake mwaka 2001. Kaya ilichanga kiasi kilichopangwa na halmashauri yake, na serikali ikaongeza kwa utaratibu wa "tele kwa tele". NHIF, ya watumishi wa umma kwanza, iliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001 kwa makato ya asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mwajiriwa. Mifuko hii ililenga magonjwa ya kila siku: malaria, uzazi, presha, ajali. Mlipuko ulikuwa na mlango wake tayari.

Na kihesabu hilo lina mantiki. Bima ni kama mchezo wa kupeana pole: watu 100 wanachanga, wachache wanapatwa, wanasaidiwa. Sharti lake ni kwamba wasipatwe wote siku moja. Tuseme kata ina kaya 1,000, kila moja imelipa shilingi 30,000. Mfuko una milioni 30. Mwaka wa kawaida kaya 50 zinapata mgonjwa mzito wa kugharimu 400,000. Hiyo ni milioni 20, mfuko unapumua. Mlipuko ukija kaya 150 zikauguza pamoja, bili inakuwa milioni 60. Namba hizi ni za mfano tu, nimezitunga ili kuonyesha jambo: mfuko haukuibiwa na hakuna aliyezembea, ila umepigwa mahali ambapo haukujengewa ukuta. Ndiyo maana kampuni nyingi za bima duniani huandika kabisa kwenye mikataba kwamba milipuko haimo.

Sasa twende 2020. Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa Machi 16, Arusha. Wakatengwa wagonjwa, hospitali kama Amana pale Ilala ikageuzwa kuwa ya corona. Kwa mantiki ya orodha ya msamaha, huu ulikuwa mlango wa serikali. Lakini Aprili 29, hesabu ikiwa wagonjwa 480, takwimu za Bara zikaacha kutangazwa, na Juni ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Wimbi lililofuata, mwanzoni mwa 2021, lilipata jina la "changamoto ya upumuaji".

Mjadala wa kisiasa wa kipindi hicho umeandikwa sana, siurudii. Mimi naangalia pale dirishani. Mlango wa serikali unafunguliwa kwa jina la ugonjwa, na jina linatoka kwenye kipimo na kwenye tangazo. Ugonjwa usio na jina unaangukia mlango wa pili, wa kadi au taslimu. Nimonia haimo kwenye orodha ya milipuko. Kwa hiyo karani wa dirishani aliyetuhudumia alikuwa sahihi kabisa, na sisi tukalipa.

Mambo yalibadilika mwaka huohuo. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 chanjo ikazinduliwa, bure, bila kuulizwa kadi. Oktoba ukazinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa IMF, ambamo pamoja na madarasa yaliyosifiwa sana zilikuwemo fedha za wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni. Angalia hela zilikopita: hazina, si mfuko wa bima. Mlango wa serikali ulifunguka tena.

Lakini hata mlango huo ukiwa wazi, lile swali la kwanza halifutiki lote, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, ilipangiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6, kwa mwaka, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa watu wa Kisarawe na Kibaha ngazi hiyo ya mwisho ilikuwa Tumbi. Muhimbili haikuwemo, hata kama kutoka Kisarawe mjini unafika Dar haraka kuliko Kibaha. Elfu 30 si nyingi ukiwa na mshahara. Mkulima wa korosho anaipata msimu wa mauzo, na mlipuko haungoji msimu. Unapunguza vibarua na wateja, na tarehe ya kadi inabaki palepale. Yaani kinga inakatika wakati hasa wa kuumwa.

Marekani walikutana na tatizo hilohilo kwenye Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato kidogo. Machi 2020 sheria iliziongezea serikali za majimbo pointi 6.2 za asilimia kwenye mchango wa shirikisho, kwa sharti moja: msimwondoe mtu yeyote kwenye orodha hadi hali ya dharura iishe. Sharti liliendelea hadi Machi 31, 2023, na kufikia hapo Medicaid na mpango wake dada wa watoto zilikuwa na watu zaidi ya milioni 90. Najua, hazina yao si yetu. Ila waliyofanya hayakuhitaji kutaja ugonjwa wowote. Walisimamisha tarehe tu, na tarehe iliyosimama inamkinga hata yule ambaye ugonjwa wake haujapata jina.

Bunge letu lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kila nikisoma mjadala wake nasikia habari za kitita, viwango vya kuchangia na kaya zisizo na uwezo, na yote ni ya msingi. Nami huishia kutafuta sentensi moja kuhusu kadi inayoisha katikati ya mlipuko.

Baba mdogo siku hizi halipi Januari. Pesa ya korosho ikiingia tu, Novemba au Desemba, anamtuma mtoto wake wa pili kwa mwandikishaji wa kijiji. Nilimpigia wiki iliyopita, baada ya shikamoo nikamuuliza kadi iko wapi. Akasema iko kwenye mfuko wa shati, ile ya zamani ipo pia, hajui kwa nini hajaitupa.