Wengi Kati ya 39 Walisema "Huyu Ni Mimi"

Mwaka 1948, huko Marekani, mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba. Wiki moja baadaye kila mmoja akapata majibu yenye jina lake, akaambiwa ayape alama kati ya 0 na 5. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa maelezo yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha nyota! Sentensi moja ilidai una uwezo mkubwa ambao bado hujautumia. Nani angekataa hiyo?

Mimi sikukataa. Nilipoacha chuo, jaribio la kwenye simu liliniambia hivyo hivyo. Nikamtumia mathe matokeo, badala ya kumweleza kwa nini niliacha. Maelezo yangu mwenyewe bado ananidai.