Stockfish: bingwa wa sataranji mwenye jina la samaki mkavu

Kwa watu wa Kirungu, wanaojua ndakala, jina hili si gumu: Stockfish ni samaki mkavu. Mnorwe Tord Romstad alitunga programu Glaurung. Mwaka 2008 Mwitaliano Marco Costalba akaichukua na kuiendeleza. Samaki wa Norwe, mpishi Mwitaliano.

Inapima mamilioni ya hatua kwa sekunde, lakini njia ikionekana mbovu inaiacha palepale. Tangu 2020 mtandao mdogo wa neva unaisaidia kukadiria nani ana nafasi nzuri.

Ni bure, na kwenye simu inacheza hata bila intaneti. Ila bure yake ina masharti: ukiibadilisha na kuigawa, au kuiuza, lazima utoe na msimbo. Kwa sababu hiyo waliishitaki ChessBase ya Ujerumani mwaka 2021; mwaka 2022 wakapatana.