ALINYANG'ANYWA FARASI BORA, AKASHINDA NA MBOVU: KISA CHA WISE CHILD, NAIROBI 1926

Jumamosi jioni ukipita vijiweni Dodoma mjini, utakuta vijana wameinamia simu, kila mtu na mkeka wake. Wote wanasaka kitu kimoja: ile timu ambayo hakuna anayeiamini, halafu inashinda. Ikitokea, watu wanasema "bahati tu hiyo". Lakini kuna kisa kimoja cha mbio za farasi hapa hapa Afrika Mashariki, cha karibu miaka mia iliyopita, ambacho ukikisoma hadi mwisho hilo neno bahati litakukaa vibaya mdomoni.

Kwanza tuelewane kidogo kuhusu farasi. Sisi huku kati ni watu wa punda. Punda anabeba maji, anabeba kuni, anavuta mkokoteni, na jua la Dodoma halimtishi. Farasi ni hadithi nyingine kabisa. Mwaka 1916, kwenye vita ya Waingereza na Wajerumani, Jenerali van Deventer alishuka kutoka kaskazini na askari wapanda farasi wa Afrika Kusini. Mwezi Aprili waliingia Kondoa, na mwishoni mwa Julai wakaichukua Dodoma. Unaambiwa njia nzima ilikuwa ni makaburi ya farasi. Walikufa kwa mamia, si kwa risasi, bali kwa ugonjwa wa farasi na mbung'o. Jeshi lililokuja na farasi likajikuta linatembea kwa miguu.

Ndiyo maana mbio za farasi hazikushika mizizi huku kwetu. Zilishika kule Kenya, kwenye baridi ya Njoro, Molo na Nakuru, ambako walowezi wa Kizungu walifuga na kufundisha farasi wa mbio, kisha wakawapeleka Nairobi kushindana. Uwanja wa Nairobi wakati huo ulikuwa upande wa Eastleigh. Ule wa Ngong Road unaojulikana leo ulikuja baadaye, 1954.

Sasa huko Njoro kulikuwa na binti mmoja anaitwa Beryl. Alizaliwa Uingereza 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka kama minne. Mama yake hakukaa, akarudi Ulaya. Binti akabaki na baba, Charles Clutterbuck, mfundishaji wa farasi. Aliyemlea hasa ni zizi lenyewe pamoja na Wanandi waliokuwa shambani pale. Mzee mmoja wa Kinandi, arap Maina, ndiye aliyemfundisha kuwinda kwa mkuki. Mtoto wa mzee huyo, Kibii, alikuwa rafiki yake wa kucheza na kuruka naye tangu udogoni. Arap Maina alikwenda kwenye ile ile vita ya 1914 hadi 1918, hakurudi.

Baada ya vita ukaja ukame. Shamba likafilisika, baba akafunga safari mpaka Peru kutafuta maisha. Beryl akabaki. Hana shamba, hana mtaji, ana anachokijua tu: farasi. Akaomba leseni ya kufundisha farasi wa mbio, akaipata akiwa bado binti mdogo. Enzi hizo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume watupu, kwa hiyo unaweza kupata picha walivyomwangalia pale uwanjani.

Kibii naye alikuwa ameshatahiriwa na kuwa mtu mzima, sasa anaitwa arap Ruta. Akamfuata Beryl, wakawa wanafanya kazi pamoja.

Tufike 1926. Mbio kubwa iliyokuwa inasubiriwa Nairobi ni St Leger. Hii ni mbio ya farasi wa miaka mitatu, mwendo mrefu unaokaribia kilomita tatu, siyo ya kutoka mbio na kumaliza pumzi. Beryl alikuwa na farasi dume anaitwa Wrack. Alikuwa amemwandaa kwa muda mrefu, na mjini kote Wrack ndiye aliyekuwa anatajwa kuwa mshindi.

Zikiwa zimebaki wiki kumi na mbili, mwenye farasi akaja kumchukua.

Sababu? Watu walishamjaza maneno. Farasi mkubwa namna hii unamwachia msichana? Akaamini maneno ya watu kuliko kazi aliyoiona kwa macho yake, akampeleka Wrack kwa mfundishaji mwingine. Yaani mwenzake aliyepokea alikuta chakula kimeshaiva, kazi yake ni kupakua.

Kila aliyewahi kuanzisha kitu akaja kunyang'anywa mwishoni kwa kuambiwa "wewe bado mdogo" au "huna uzoefu" anajua hiyo inauma vipi.

Beryl akabaki na farasi jike mmoja, Wise Child. Damu nzuri, moyo mzuri, lakini miguu kwisha. Mfundishaji wa nyuma alikuwa amemkimbiza mno angali mchanga, kano za miguu ya mbele zikaharibika.

Hapa inabidi ujue kitu kuhusu mguu wa farasi. Chini ya goti hana nyama, ana mifupa na kano tu. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 hivi au zaidi, na akiwa kwenye kasi kuna sekunde ambayo uzito wote huo unatua juu ya mguu mmoja. Kano ndiyo inayovutika na kurudi kama mpira. Ikichanika inapona polepole sana kwa sababu damu inayofika pale ni kidogo, na hata ikipona hairudi kama zamani. Farasi wa hivyo wengi wangesema azalishwe tu, mambo ya uwanjani aachane nayo.

Tatizo ni kwamba bila kumkimbiza hapati pumzi, na ukimkimbiza kwenye ardhi ngumu unamvunja. Fikiria udongo wa Dodoma mwezi wa nane, ule unaogonga jembe likarudi. Dawa aliyoiona Beryl ni kutafuta ardhi laini. Akawa anamkimbiza kando ya ziwa kule Bonde la Ufa, kwenye tope lenye unyevu, flamingo wakiruka pembeni. Leo mbio kidogo, kesho mapumziko.

Halafu kuna kazi ambayo haionekani. Ile miguu ilitakiwa kuangaliwa kila siku, kukandwa na kufungwa bendeji, na mtu mwenye mkono unaohisi joto la kano kabla jicho halijaona uvimbe. Ruta alikuwa kwenye kazi hiyo. Wiki kumi na mbili, hakuna anayepiga picha.

Siku ya mbio ikafika. Aliyempanda Wise Child ni Sonny Bumpus, aliyejua fika kwamba amepanda mnyama ambaye mguu unaweza kukatika chini yake wakati wowote. Wrack alikuwepo, anang'aa, watu wameweka hela zao kwake.

Beryl mwenyewe alikuja kuisimulia ile mbio kwenye kitabu chake, West with the Night, kilichotoka 1942. Wise Child alikwenda na wakubwa, akatangulia. Mwishoni miguu ikaanza kumsaliti, Wrack anamfuata nyuma anakula nafasi. Hapo ndipo kila mtu angetegemea yule mbovu aachie. Hakuachia. Alifika kwenye mstari akiwa mbele, na farasi aliyenyang'anywa Beryl akaja nyuma yake.

Baada ya hapo dunia ikamjua Beryl kwa mambo mengine. Jina la Markham alilipata alipoolewa 1927. Akajifunza kurusha ndege, na Septemba 1936 akavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, akaangukia Nova Scotia, Kanada, akiwa mzima. Baadaye alirudi Kenya kwenye farasi wake, akashinda Kenya Derby mara kadhaa. Alifariki Nairobi, 1986.

Na usidhani visa hivi viliisha na wakoloni. Tarehe 7 Mei 2022, kule Louisville, Marekani, kwenye Kentucky Derby, alishinda farasi anaitwa Rich Strike. Alikuwa amenunuliwa dola 30,000, hela ya mboga kwenye mchezo ule. Kwenye orodha ya mbio hakuwemo hata, aliingia siku moja kabla baada ya mwenzake kujitoa. Wabetishaji walimpa 80 kwa 1, yaani weka shilingi 1,000 upate faida ya 80,000. Aliyeweka dola 2 alirudishiwa dola 163.60. Mpandaji wake, Sonny Leon wa Venezuela, hakuwahi kupanda Derby kabla ya siku hiyo.

Watu waliangalia hiyo 80 kwa 1. Wachache waliangalia kwamba mfundishaji wake, Eric Reed, zizi lake liliungua Desemba 2016 wakafa farasi 23 kwa usiku mmoja, akafikiria kuacha kazi kabisa, halafu akaanza upya.

Kwa hiyo ukirudi kwenye mkeka wako, kumbuka kitu kimoja. Ile namba wanayoiandika wabetishaji inapima watu wanaamini nini. Kazi ya asubuhi haimo. Na usidanganyike kwamba kila asiyepewa nafasi ana Ruta nyuma yake. Wengi hawana, na ndiyo maana hela za wengi huwa hazirudi.

Bado kuna jambo moja. Ruta tunamjua kwa jina kwa sababu moja tu: rafiki yake wa utotoni alijua kuandika, akamwandika. Lakini mazizi ya Njoro, Molo na Nakuru yalijaa masaisi wa Kiafrika walioamka alfajiri kukanda miguu ya farasi wasio wao. Kwenye makombe yaliandikwa majina ya farasi na ya wenye farasi. Ya kwao hayakuandikwa popote.

Je, mdau, kwenye kazi unayofanya sasa hivi, nani ndiye Ruta wako? Mtaje jina hapo chini.