Shilingi 500 na Mlango wa Mahakama Kuu: Kupinga Deni la Maegesho Dar es Salaam

Tuseme mwenye gari anadaiwa shilingi 500 za maegesho ya kando ya soko la Tandika, naye ana hakika kwamba siku hiyo gari lake lilikuwa gereji Keko, limeshushwa injini. Akitaka kuishtaki taasisi inayomdai, sheria inamtaka atoe kwanza notisi ya siku 90, kisha afungue shauri Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe humo. Ndivyo inavyosomeka Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, tangu marekebisho ya mwaka 2020 yalipozijumuisha wakala za serikali na mamlaka za serikali za mitaa katika ngao iliyokuwa ya Serikali Kuu. Kwa hiyo hata ukusanyaji wa ushuru wa maegesho ukihamishwa kesho kutoka kwa wakala wa serikali kwenda halmashauri ya Temeke au Kinondoni, mlalamikaji atabaki palepale. Hakuna atakayeifuata njia hiyo kwa ajili ya shilingi 500. Atalipa, na mfumo utaandika kwamba amelipa.

Ninachokataa ni malipo ya namna hiyo kuhesabiwa kuwa ungamo. Deni ambalo halina pa kupingiwa halijathibitishwa, hata likilipwa na watu wote.

Tulifikaje hapa? Kwa miaka mingi ushuru wa maegesho ulikuwa mali ya halmashauri, nazo zikiukusanya kupitia wazabuni. Kijana wa paking alikuwa na kitabu cha stakabadhi. Nyuma yake walikuwapo watu wa minyororo na magari ya kuvuta. Mwaka 2017 ukaanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997, na jukumu la maegesho likaangukia huko. Septemba 2021 ukaja mfumo wa kielektroniki wa TeRMIS. Sasa kijana yule anashika mashine badala ya kitabu, anaingiza namba ya gari, na deni linakaa kwenye mfumo likisubiri mwenye gari alitafute kwa simu kupitia *152*00# na kulilipa kwa namba ya kumbukumbu ya serikali. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwishoni mwa mwaka huohuo Waziri wa TAMISEMI wa wakati huo, Ummy Mwalimu, aliagiza ukusanyaji wa aina hiyo usitishwe. Mwaka 2022 ukarejea ukiwa umerekebishwa. Mjadala wa umma ulijikita katika viwango na usumbufu. Swali la nani amsikilize anayesema "hilo si langu" liligusiwa kidogo mno, na ndilo lenye uzito zaidi kisheria.

Linganisha na karatasi nyingine inayomfikia dereva yuleyule. Askari wa usalama barabarani akimkuta ameegesha pasiporuhusiwa, anamwandikia chini ya kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Faini iliyozoeleka ni shilingi 30,000, na ina muda wake wa kulipwa. Lakini ile ni taarifa ya kosa. Dereva anaweza kuikataa, akapelekwa mahakamani, na huko ni mwendesha mashtaka anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Ni kweli kwamba wachache hukataa. Dereva wa teksi mwenye hesabu ya kupeleka jioni hawezi kupoteza siku nzima kwenye benchi la mahakama ili aokoe 30,000. Hata hivyo, kuwapo kwa haki hiyo kunabadilisha mazungumzo ya barabarani: askari anajua kwamba anachokiandika huenda kikasomwa na hakimu.

Deni la maegesho halina hakimu wa kulisoma. Halianzi kama tuhuma. Linaanza kama rekodi. Hapo watetezi wa mfumo husema kwamba hii ni ada ya huduma tu, kama bili ya maji, hivyo masharti ya mashtaka hayahusiki. Ningekubaliana nao kama mambo yangeishia kwenye ada. Hayaishii hapo. Muda wa kulipa ukipita, inaongezwa adhabu inayozidi ada yenyewe mara nyingi. Adhabu hailipii huduma yoyote. Inamwadhibu mtu kwa kutotii. Na mtu hawezi kusemwa kwamba hakutii wito ambao haukumfikia.

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya mwaka 1977 inataka haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, pamoja na haki ya kukata rufaa. Maneno "chombo kinginecho" ndiyo yanayotuhusu, kwa sababu yanaifikia ofisi ya meneja wa TARURA sawasawa na chumba cha hakimu. Mahakama ya Rufani, katika shauri la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport lililoripotiwa mwaka 2003, ilieleza kwamba haki ya kusikilizwa nchini si kanuni iliyorithiwa kwa Waingereza tu. Imekuwa haki ya msingi ya kikatiba. Miaka kumi kabla ya hapo, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama hiyohiyo ilikibatilisha kifungu kilichomlazimisha mwananchi kuomba ridhaa ya Serikali kabla ya kuishtaki. Bunge likaiondoa ridhaa, likaweka notisi ya siku 90. Kwa mgogoro wa ardhi au wa mkataba mkubwa, siku 90 zinavumilika. Kwa deni la maegesho, adhabu inakuwa imeshaingia muda mrefu kabla ya notisi kuiva.

Tatizo la taarifa ni zito zaidi nje ya katikati ya jiji. Posta au Kariakoo dereva anategemea kutozwa, ameshazoea. Ukisogea Mwananyamala, Tegeta au Mbagala Rangi Tatu, ukingo wa barabara ni uwanja wa duka, kijiwe cha bodaboda na meza ya mama ntilie kwa wakati mmoja. Pasipo mstari wala kibao, mtu anayesimama dakika tano kununua dawa hana namna ya kujua kwamba ameingia kwenye eneo la kulipia. Halafu kuna suala la kadi ya usajili wa gari. Magari mengi yanayozunguka Temeke na Kinondoni yameuzwa mara mbili au tatu bila umiliki kubadilishwa TRA. Deni linaifuata namba ya gari. Ujumbe, kama upo, unamfuata mtu aliyeliuza gari zamani. Mnunuzi analikuta deni siku anapolitafuta kwa sababu nyingine kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wanasheria hawapendi kulitaja kwenye makala za heshima. Enzi za kitabu, dereva aliyeonewa alikuwa na mahali pa kusemea: palepale. Alibishana na kijana wa paking, wapiga debe wakaingilia, muuza magazeti akashuhudia kwamba gari limefika sasa hivi, na mara nyingi mambo yakaisha. Mara nyingi pia yaliisha kwa noti iliyokunjwa, na mapato ya umma yakapotea. Mashine iliwekwa kuzuia hilo, na ni sawa. Lakini ule ubishi wa barabarani, pamoja na uchafu wake, ndio uliokuwa usikilizwaji pekee alioufahamu dereva wa kawaida. Serikali imefunga mlango wa uani bila kufungua wa mbele.

Jibu la kwanza la mamlaka linajulikana: gharama ya kusikiliza malalamiko ya shilingi 500 ni kubwa kuliko shilingi 500. Hoja hiyo ina nguvu dhidi ya mahakama kamili. Dhidi ya usikilizaji mwepesi haina. Uingereza iliyaondoa makosa mengi ya maegesho ya London kwenye mahakama za jinai kwa sheria ya mwaka 1991, ikaweka waamuzi huru wanaoweza kuamua kwa kusoma nyaraka tu, na mlalamikaji halipi ada ya rufaa. Wala hatuna haja ya kwenda London. Sheria ya Rufaa za Kodi ya mwaka 2000 ilitupatia Bodi na Baraza la Rufaa za Kodi, vyombo vilivyo nje ya TRA, ili anayekadiriwa kodi asihukumiwe na mkusanyaji mwenyewe. Kampuni inayobishania mabilioni ina chombo cha karibu cha kukimbilia; mwenye Vitz Chang'ombe anatumwa Mahakama Kuu. Sioni hoja ya kisheria inayouhalalisha mpangilio huo.

Marekebisho yanayohitajika ni madogo, na mengi yanaweza kuwekwa kwenye kanuni bila kusubiri Bunge. Siku za adhabu zihesabiwe tangu taarifa imfikie mtu, si tangu mashine ilipobonyezwa. Kila deni liambatane na picha ya gari inayoonyesha mahali na saa, ionekane kwa yeyote anayeingiza namba hiyo. Pingamizi likiwasilishwa, adhabu isimame hadi uamuzi utolewe, na mwamuzi asiwe mwajiriwa wa ofisi inayohesabu makusanyo. Hili la mwisho ndilo litakalopingwa zaidi, na ndilo lisilopaswa kulegezwa.

Hadi hapo, msomaji asinyamaze. Kagua namba ya gari lako mara kwa mara, na kabla ya kununua gari la mkononi kagua deni lake. Ukikuta usilolitambua, andika barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya husika, ambatisha stakabadhi ya gereji au picha ya mahali pasipo na kibao, omba ushahidi wa deni, na usiondoke kaunta bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, peleka nakala hiyo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.