Mto Una Kumbukumbu

(Muziki wa kipindi unashuka)

MTANGAZAJI: Leo historia inatupeleka mto Zambezi, mpakani mwa nchi tunazoziita sasa Zambia na Zimbabwe.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza kujenga bwawa la Kariba. Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka bondeni kwao. Wazee wao walisema Nyaminyami, mzimu wa mto, hatakubali. Wahandisi walitegemea vipimo vya maji, lakini vipimo hivyo vilikuwa vya miaka michache ukilinganisha na umri wa mto.

Mwaka 1957 mafuriko makubwa yalivamia kazi. Mwaka 1958 yakaja makubwa zaidi, yakalizoa daraja la wajenzi lililounganisha kingo mbili. Ramani ilibidi ibadilishwe: milango ya kupitishia maji ukutani ikaongezwa hadi kufika 6. Bwawa lilizinduliwa mwaka 1960, na ukuta umesimama hadi leo.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu ya kidaraja chetu cha magogo, njia ya zahanati. Tulikijenga wenyewe wakati wa kiangazi, tukapima kwa maji ya siku ile. Masika iliyopita mama mwenye uchungu alikwama ng'ambo mpaka maji yakapungua. Alijifungua salama, lakini ilikuwa bahati.

Juzi nilimwuliza mzee wa kijiji jirani maji yaliwahi kufika wapi. Akanionyesha alama kwenye mwembe wa kando ya mto. Ilikuwa juu ya bega langu, na magogo yetu yako usawa wa goti. Sisi ni wageni wa mto huu. Yeye anaujua tangu utotoni, na hatukuwahi kumwuliza.

Tena, msikilizaji, mara nyingi daraja haliharibiki juu kwanza. Maji huchimba udongo chini ya nguzo, huku juu panaonekana pazima.

Jumamosi saa mbili asubuhi tutakutana darajani pamoja na mzee huyo. Njoo na jembe. Tutakagua nguzo, tutaondoa matawi yaliyokwama, na tutapima upya kuanzia kwenye alama ya mwembe. Kabla ya hapo, ukikuta maji yamefunika magogo, usivuke. Subiri.

Tukutane wiki ijayo.

(Muziki unapanda)