Kupunguzwa kwa Enzi ya Mfalme katika Siam, 1932–1935

Siam, nchi ambayo siku hizi huitwa Thailand, haikupata kuwa koloni la Wazungu. Kwa hiyo badiliko la utawala wake halikuletwa na gavana, bali lilizuka miongoni mwa wenyeji wenyewe. Ukoo wa Chakri ulishika enzi mwaka 1782, na kwa muda wa miaka 150 neno la mfalme lilikuwa ndiyo sheria. Chulalongkorn, aliyetawala tangu 1868 hata 1910, alikomesha utumwa na kuanzisha wizara za namna mpya. Lakini wizara hizo zilizidi kuutia nguvu ufalme, kwani vyeo vikubwa vilishikwa na jamaa zake. Vijana waliopelekwa Ulaya kusoma walirudi na elimu, wakaukuta mlango umefungwa.

Prajadhipok, aliyerithi ufalme mwaka 1925, aliyatambua hayo. Mapema mwaka 1932 rasimu ya katiba ilitungwa kwa amri yake, ila ikapingwa kwa hoja kwamba watu hawajawa tayari. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: hata mfalme asiyewekewa mpaka hakuweza kujiwekea mpaka mwenyewe. Wakati huo huo biashara ya dunia ilikuwa imeanguka, mishahara ikakatwa, na watumishi wengi wa serikali wakaachishwa kazi.

Alfajiri ya tarehe 24 Juni 1932, Chama cha Watu, ambacho asili yake ni watu saba waliokutana Paris mwaka 1927, kiliushika mji wa Bangkok. Fikra zilikuwa za mwanasheria Pridi Banomyong. Nguvu zilikuwa za maofisa wa jeshi. Mfalme, aliyekuwa Hua Hin pwani, alikataa kumwaga damu, akarejea mjini. Tarehe 27 Juni alitia sahihi katiba, lakini kwanza aliongeza kwa mkono wake neno la kuonyesha kwamba ni ya muda tu. Katiba ya kudumu ilitolewa tarehe 10 Desemba.

Je, mamlaka yaliyomtoka mfalme yalimfikia nani? Wajumbe 70 wa baraza la kwanza hawakuchaguliwa na raia, bali waliteuliwa na wenye silaha. Oktoba 1933 Mwana-mfalme Boworadet aliasi, akashindwa, na uasi wake ukamzidishia mfalme shaka machoni pa serikali. Tarehe 2 Machi 1935, akiwa Uingereza, Prajadhipok alijiuzulu. Alieleza kwamba alikuwa radhi kuwaachia watu wote madaraka yake, wala si kumwachia mtu mmoja au kundi liyatumie lipendavyo.

Kiti kilimwangukia Ananda Mahidol, mtoto wa miaka 9. Mwaka 1938 Phibunsongkhram, mmoja wa maofisa wa 1932, akawa waziri mkuu. Mwaka 1947 jeshi lilipindua serikali, na Pridi akaikimbia nchi. Hivyo Siam ilifaulu kumwekea mfalme mpaka kwa asubuhi moja. Kuwawekea mpaka wale waliomwekea mfalme mpaka, hiyo ndiyo kazi ambayo katiba ya 1932 iliiacha bila kutimizwa.