Zahabu ya Misisi na tone la damu

Ndugu wasomi wenzangu wa Fizi na Baraka, leo tuongee historia ya kale kamashini kadogo ka kupimia sukari. Wengi kwetu wanaona kama kalizaliwa tayari ndani ya karatoni. Hapana, kametoka mbali.

Mwaka 1674, Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa wa sukari ni mtamu. Alijuaje? Kwa kuonja! Ulimi ndiyo ilikuwa labo.

Mwaka 1962, kule Marekani, Leland Clark na Champ Lyons walichukua elektrodi ya kupima oksijeni, wakaiwekea enzaimu inayokula glukozi. Glukozi ikiwa nyingi, oksijeni inaliwa zaidi, na umeme unaonyesha hiyo tofauti. Mwaka 1984, watafiti wa Cranfield na Oxford wakatumia ferosini ibebe elektroni mahali pa oksijeni. Mwaka 1987 kikauzwa kipimo kidogo kama kalamu. Kikamrahisishia mgonjwa kujipima mwenyewe nyumbani.

Lakini enzaimu ni kama nyumba ambayo jiko liko chumba cha ndani kabisa: elektroni hazifiki nje kirahisi. Mwaka 2003, kundi la Itamar Willner, Yerusalemu, likapachika punje ya zahabu ya nanometa 1.4 ndani ya enzaimu. Punje ikawa waya: elektroni karibu 5,000 kwa sekunde, wakati oksijeni inabeba kama 700.

Zahabu! Kitu ambacho vijana wenzetu wanachimba Misisi kila siku.

Sasa, hii inatuhusu nini? Enzaimu ni protini, haipendi joto wala unyevu. Bandeleti zinazosafirishwa juani mpaka huku kando ya Tanganyika zinaweza kuharibika, na namba ya uongo inamfanya mgonjwa achome insulini isiyo kipimo chake. Hiyo inaua. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuacha enzaimu kabisa, watumie punje za nano za zahabu, nikeli au oksaidi ya shaba. Shida ni kwamba nyingi zinafanya kazi vizuri katika maji ya alkali, na damu yetu iko karibu pH 7.4. Tena vitamini C na asidi ya yuriki zinavuruga kipimo.

Kwa hiyo kazi haijaisha. Mimi naona aliye na haraka zaidi ya kuimaliza ni yule ambaye bibi yake anaishi kwenye joto, mbali na friji. Huyo ni mimi na wewe. Nani kati yetu anasoma kemia?